Kroketi Zinapopasuka, Kulowa au Kunywa Mafuta: Kutafuta Chanzo na Kurekebisha

Kroketi ni kidonge cha sosi nzito ya maziwa au cha viazi vilivyopondwa, kinachovishwa chenga za mkate na kukaangwa, na iliyofanikiwa hubeba hali mbili zinazopingana: nje ina ganda jembamba na kavu linalolia chini ya meno, na ndani ina moyo laini ulio karibu kumiminika. Jina lenyewe limetokana na kitenzi cha Kifaransa croquer, ambacho maana yake ni kutafuna kitu kikavu kwa mlio, na kwa hiyo kroketi isiyolia ikitafunwa, hata kama ladha yake ni nzuri, bado haijafikia kile ilichokusudiwa kuwa. Ugumu wa kuipika nyumbani unatoka hapohapo. Ulaini wa ndani unatokana na maji, ukavu wa nje unatokana na kukosekana kwa maji, na kinachotenganisha viwili hivyo ni tabaka la unga, yai na chenga za mkate lenye unene wa milimita chache tu.

Kwa sababu hiyo, ninapotazama kroketi zilizoharibika, swali langu la kwanza huwa ni moja: maji yametoka wapi na yamepitia wapi? Wapishi wengi hulaumu mafuta au chenga za mkate, kwa kuwa madhara huonekana wakati wa kukaanga, lakini mara nyingi kosa huwa limekwisha kufanyika tangu jana yake, mchanganyiko ulipokuwa bado sufuriani.

Vipimo vya kulinganishia

Kabla ya kutafuta kosa ni vyema kuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Kwa kroketi za sosi nzito ya maziwa, nusu lita ya maziwa huhitaji takriban gramu 60 za siagi na gramu 70 za unga wa ngano, pamoja na gramu 150 hivi za kuku, samaki, uyoga au jibini iliyokatwakatwa vipande vidogo sana. Kwa kroketi za viazi, kilo moja ya viazi vilivyopondwa huungwa kwa viini viwili vya mayai na gramu 40 hadi 50 za siagi, bila maziwa. Mchanganyiko wa aina zote mbili hupoa kwenye friji kwa saa nne angalau, na ukilala usiku kucha ni bora zaidi. Kila kroketi iwe na uzito wa gramu 30 hadi 35, yaani iwe nene kama vidole viwili vilivyounganishwa, kisha ikaangwe kwenye mafuta yenye joto la nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi kwa dakika mbili au tatu. Kroketi ikikataa kutii, angalia kwanza ni kipimo gani kati ya hivi ambacho hukukifuata.

Kroketi zinapasuka ndani ya mafuta

Hili ndilo tatizo linalokatisha watu tamaa kuliko yote, na linastahili kuchunguzwa kwa makini kwa sababu chanzo chake si kimoja. Maji yanapogeuka kuwa mvuke, ujazo wake huongezeka zaidi ya mara 1,600. Ndani ya kroketi mna maji mengi, na pindi sehemu ya katikati inapokaribia kuchemka, mvuke hutafuta njia ya kutokea. Ganda likiwa kamili na muda wa kukaanga ukiwa mfupi, kroketi hutolewa kabla mvuke haujapata nguvu ya kutosha. Kukiwa na hitilafu popote, ganda huachia.

Usizitupe zilizopasuka kabla ya kuzitazama, kwani umbo la mpasuko linaeleza mengi. Toa moja kwa chujio, iweke kwenye sahani nyeupe, uigeuze polepole. Ukiona tundu moja dogo, na sosi imetoka kwa mkia mwembamba uliokauka kama uzi, ujue palikuwa na sehemu ndogo isiyopata yai au chenga, mara nyingi kwenye ncha zake mbili ambako vidole vilikuwa vimeshika. Ukiona ufa mrefu ubavuni, kutoka ncha hadi ncha, basi ganda lilikuwa zima lakini limezidiwa na mvuke, ama kwa sababu mchanganyiko ulikuwa na maji mengi, ama kwa sababu kroketi ilikaa kwenye mafuta muda mrefu mno. Na kama hakuna cha kutazama, yaani kroketi imeyeyuka na kubaki mabaki ya chenga yanayoelea, basi ama mchanganyiko haukuganda, ama mafuta yalikuwa baridi, kiasi kwamba ganda lilichelewa kukaza huku moyo ukiendelea kulainika.

Tundu dogo hurekebishwa wakati wa kuvisha ganda. Yai lipigwe vizuri pamoja na chembe za chumvi na kijiko kimoja cha maji hadi ute upotee kabisa, kwa sababu ute usiopigika huteleza na kuacha mapengo ambayo macho hayayaoni. Chovya kroketi yote, iinue kwa uma mpaka yai la ziada lidondoke, igaragaze kwenye chenga, kisha uibonyeze kwa upole ncha zote mbili. Kwa kroketi za sosi laini sana mimi hurudia yai na chenga mara ya pili bila kusita. Tabaka la pili huongeza unene kidogo, ni kweli, lakini kroketi nzima yenye ganda nene kidogo ina heshima kuliko nyembamba iliyomwaga moyo wake karaini.

Ufa wa ubavuni unaturudisha sufuriani. Sosi ya kroketi haipikwi kama sosi ya kumwagia chakula. Inatakiwa kuchemka kwa moto mdogo, huku ikikorogwa mfululizo, kwa dakika nane hadi kumi baada ya maziwa yote kuingia. Ishara ya kuiva ni mbili, na zote zionekane: mchanganyiko unaachia ukuta wa sufuria na kufuata mwiko, na mwiko ukipitishwa katikati unaacha njia ambayo haijifungi mara moja. Vitu vinavyoongezwa ndani navyo huleta maji yake. Uyoga ukaangwe peke yake mpaka maji yake yakauke na uanze kupata rangi, mboga za majani zikamuliwe kwa nguvu ndani ya kitambaa safi, na samaki wa kopo achujwe vizuri. Nimewahi kuharibu trei nzima kwa sababu ya uyoga niliouona mkavu ulipokuwa kikaangoni, nao ukaendelea kutoa maji usiku kucha ndani ya friji. Asubuhi palikuwa na unyevu kando ya donge, nikaufuta kwa karatasi ya jikoni na kuendelea na kazi kana kwamba tatizo limekwisha. Karibu zote zilipasuka.

Ukigundua baada ya kupoa kwamba donge ni laini mno, usiongeze unga mbichi juu yake, kwa maana utabaki na ladha ya unga na mabonge yasiyoyeyuka. Yeyusha gramu 15 za siagi katika sufuria safi, kaanga humo gramu 15 za unga kwa dakika mbili, kisha ongeza lile donge kidogokidogo huku ukikoroga, na ulipike tena mpaka ishara zile mbili zionekane. Lipoze upya. Ni kazi ya kurudia, lakini inaokoa mchanganyiko wote.

Ushauri mmoja unaohusu vyanzo vyote vya kupasuka: kaanga kroketi moja kwanza, peke yake, na uitazame hadi mwisho. Ikipasuka, umepoteza moja tu, na zilizosalia bado zinaweza kuongezewa tabaka la pili au kuingizwa kwenye friza kwa dakika 30 ili zikaze kabla ya kukaangwa.

Kroketi zimekunywa mafuta

Dalili yake haifichiki: rangi imepauka, ganda linang'aa, na kila unapoiweka inaacha doa pana. Chanzo cha kawaida ni mafuta yasiyo na joto la kutosha. Katika nyuzi 180, maji ya kwenye ganda hugeuka mvuke papo hapo na kutoka kwa nguvu, na yale mapovu unayoyaona yakizunguka kroketi ni huo mvuke unaotoka. Katika nyuzi 150 mapovu huwa machache na dhaifu, ganda huchelewa kukauka, nayo kroketi hukaa ndani ya mafuta muda mrefu ikisubiri rangi.

Kipimajoto cha jikoni ndicho suluhisho la uhakika, na kwa yeyote anayekaanga mara kwa mara ningekiweka mbele ya vifaa vingine vingi vinavyosifiwa. Asiye nacho atumie kipande cha mkate chenye upana wa sentimita mbili: kikitumbukizwa kwenye mafuta yaliyofikia nyuzi 180, hupata rangi ya dhahabu kati ya sekunde 40 na 60. Kikigeuka kahawia ndani ya sekunde 20, mafuta yamezidi moto, na kikikaa dakika mbili kikiwa kimepauka, subiri.

Hata hivyo, mafuta yaliyokuwa na joto sahihi yanaweza kupozwa na kroketi zenyewe. Zinatoka kwenye friji, na kila moja inapoingia huchukua joto. Ukitumbukiza kumi kwa pamoja kwenye lita moja ya mafuta, joto linaweza kushuka kwa makumi ya nyuzi, na moto wa jiko la nyumbani hauwezi kulirudisha upesi. Weka nne au tano kwa kila lita, uache joto lipande tena kabla ya awamu inayofuata, na uwe na mafuta yenye kina cha sentimita tano au sita, ili kroketi zizame badala ya kulala juu ya chuma.

Kuna jambo jingine lisilojulikana sana. Sehemu kubwa ya mafuta huingia kwenye ganda baada ya kroketi kutolewa. Inapoanza kupoa, mvuke uliokuwa kwenye vijitundu vya ganda hurudi kuwa maji, shinikizo hupungua, na mafuta yaliyobaki juu yake hufyonzwa kwenda ndani. Kwa hiyo sekunde chache za kwanza nje ya karai zina uzito mkubwa: kroketi ikiwa bado kwenye chujio, itikise juu ya karai mara tatu au nne, kisha ndipo uiweke chini.

Kwa kuwa tumefika kwenye mafuta, la usalama lisiachwe. Mafuta yasizidi nusu ya kimo cha chombo, na karai lisiachwe peke yake jikoni hata kwa dakika moja. Yakishika moto, zima jiko na ufunike kwa mfuniko wa chuma. Usimwage maji kamwe, kwa maana maji hugeuka mvuke kwa ghafla na kurusha mafuta yanayowaka kila upande.

Nje imebabuka, ndani bado baridi

Hapa mafuta yamepita nyuzi 190, au kroketi ni kubwa mno, au zote mbili. Kroketi yenye gramu 60 haiwezi kupata joto katikati kwa muda uleule ambao ganda linahitaji ili kuwa na rangi ya dhahabu. Zipunguze ukubwa kabla ya kuanza kuchezea moto.

Lakini iwapo ukubwa ni sahihi, kipimajoto kinasoma 180, na bado zinakuwa nyeusi ndani ya dakika moja, tafuta sukari. Chenga zilizotengenezwa kwa mkate mtamu huungua haraka. Viazi navyo vina siri yake: vikihifadhiwa kwenye friji vikiwa vibichi, sehemu ya wanga wake hugeuka sukari, na sukari hiyo huvipa rangi nyeusi vikikaangwa. Viazi vikae mahali penye giza na ubaridi wa kadiri, nje ya friji. Chanzo cha tatu ni mabaki ya chenga yaliyozama chini ya karai kutoka awamu zilizotangulia. Yanaungua humo na kurudi juu kushika kroketi mpya kama madoa meusi yenye uchungu. Yaondoe kwa chujio lenye matundu madogo kila baada ya awamu.

Ganda linabanduka na kuacha moyo wazi

Kazi ya unga wa kwanza ni kukausha uso wa kroketi ili yai lishike. Ukikosekana, yai huteleza juu ya unyevu. Ukizidi, hutokea tabaka la unga mkavu ambalo yai halilifikii, na ganda zima hutengana kama gome la mti. Baada ya kugaragaza kwenye unga, ipige kroketi kwa vidole mara mbili tatu mpaka ibaki na utandu mwepesi unaofanana na vumbi. Tumia mkono mmoja kwa vitu vikavu na mwingine kwa yai, vinginevyo vidole vyako vitavikwa ganda zuri kuliko kroketi zote.

Chenga nazo ziwe zimekauka. Chenga laini za mkate wa leo huleta maji yake zenyewe. Zisambaze kwenye trei na uziweke ndani ya oveni yenye nyuzi 120 mpaka zivunjike kati ya vidole, bila kuzipa rangi. Chenga ndogo huziba vizuri na zinafaa kwa moyo wa sosi laini. Chenga kubwa huleta mlio mkubwa zaidi, lakini huacha mapengo, kwa hiyo mimi huzitumia kwa kroketi za viazi tu, ambazo hazina haraka ya kumwagika. Anayetaka vyote viwili avishe tabaka la kwanza kwa chenga ndogo na la pili kwa kubwa. Baada ya kuvisha, zirudishe kwenye friji kwa dakika 20 au 30 bila kuzifunika, ili yai lishikane na chenga.

Zilitoka kavu, baada ya dakika kumi zimelowa

Kosa hili huwapata hata wapishi waliofanya kila kitu sawasawa, na linaumiza kwa sababu kroketi ilikuwa kamili ilipotoka karaini. Mvuke wa ndani unaendelea kutoka hata baada ya moto kuzimwa. Zikilundikwa kwenye sahani, au zikilazwa juu ya karatasi na kufunikwa ili zisipoe, mvuke huo hukosa pa kwenda na kurudi kwenye ganda. Kitu cha kwanza cha kubadilisha ni mahali pa kuziweka: tumia waya wa kupozea keki, wenye hewa inayopita chini, na kila kroketi ikae mbali na mwenzake. Karatasi iwekwe chini ya waya kudaka matone. Usizifunike. Ukihitaji kuzisubirisha mpaka awamu zote ziishe, ziweke pamoja na waya wake ndani ya oveni yenye nyuzi 100, mlango ukiwa wazi kidogo.

Kama zinalowa hata kwenye waya, ziliondolewa mapema. Usiangalie rangi peke yake. Sikiliza na uangalie mapovu. Mwanzoni ni mengi na makubwa, yenye kelele, kisha hupungua na sauti kuwa nyembamba zaidi. Kupungua huko ndiko kunakoonyesha kwamba ganda limekauka.

Ndani ni nzito, inavutika au ina ladha ya unga

Viazi vinavyovutika kama gundi vimepondwa kwa mashine. Visu vya mashine hupasua chembechembe za viazi na kuachia wanga wake wote, na hakuna kiungo kitakachourudisha ndani. Mchanganyiko huo utumie kwa supu, kisha uanze upya. Chagua viazi vyenye unga mwingi, vichemshe na maganda yake ili visinyonye maji, vimenye vingali moto, virudishe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo kwa dakika mbili mpaka mvuke upungue, ndipo uviponde kwa mkono.

Ladha ya unga mbichi katika sosi inamaanisha kwamba siagi na unga havikukaangwa vya kutosha kabla ya maziwa kuingia. Dakika mbili au tatu kwa moto mdogo zinatosha, mpaka harufu ibadilike na kuwa kama ya biskuti. Mabonge hutokana na maziwa kumiminwa yote kwa wakati mmoja: yatie kidogokidogo, ukoroge mpaka kila kiasi kimezwe. Na utando mgumu juu ya donge lililopoa huzuiwa kwa kubandika plastiki ya jikoni moja kwa moja juu ya uso wake, bila kuacha hewa katikati.

Za friza, na za oveni

Kroketi zilizovishwa ganda huhifadhika vizuri kwenye friza kwa muda wa miezi mitatu. Zigandishe kwanza zikiwa zimetengana kwenye trei, ndipo uzitie kwenye mfuko. Zikaange zikiwa bado zimeganda, kwa sababu zikiyeyuka maji yake huloweka ganda kabla hata ya kufika karaini. Shusha joto la mafuta hadi nyuzi 170, punguza idadi hadi tatu kwa kila lita, na uongeze dakika moja au mbili.

Kroketi za oveni mara nyingi hutoka zikiwa zimepauka, kwa kuwa hewa haipeleki joto kwenye ganda kama mafuta yafanyavyo, na kufikia wakati chenga zinapopata rangi moyo huwa umekwisha kupasuka. Kaanga chenga kwanza kikaangoni kwa vijiko viwili vya mafuta kwa kila gramu 100, mpaka ziwe za dhahabu, ziache zipoe, ndipo uzitumie kuvisha. Hapo oveni yenye nyuzi 200 inabaki na kazi ya kupasha moto tu, na dakika 12 hadi 15 zinatosha. Njia hiyohiyo, bila kurudia chenga na kwa dakika nane hadi kumi tu, hufufua kroketi za jana zilizolowa, ilhali maikrowevu huzimaliza kabisa. Zikitoka, ziache kwenye waya kwa dakika mbili tatu kabla ya kuzila, kwa maana ganda hupoa upesi lakini moyo wa sosi huendelea kuunguza ulimi muda mrefu baadaye.